Kuaplai Youth Mobility Scheme na kupata kazi ya kea Uingereza, hatua kwa hatua

Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuleta wafanyakazi wapya wa kea (kuhudumia wazee, wagonjwa na walemavu) kutoka nje kwa sponsashipu, yani mwajiri kukudhamini visa, na watu wengi wakadhani basi, kazi zenyewe zimeisha. Hazijaisha. Kuna visa nyingine isiyotaka sponsa kabisa, inaitwa Youth Mobility Scheme, unapewa miaka 2, unafanya karibu kazi yoyote unayotaka na bosi akikusumbua unahamia kwingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Ila si ya kila pasipoti, kwa hiyo anzia hapo kabla hujatoa hata senti.

Wanaangalia uraia, sio unapoishi. Kwenye orodha wamo Australia, Kanada, New Zealand, Japani, Korea Kusini, Iceland, Uruguay, Hong Kong, Taiwan na nchi nyingine chache ndogo, na India wana mpango wao unaofanana na huu ambao watu wanapatikana kwa bahati nasibu. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Naliweka wazi kabisa: wakala anayekuuzia hii visa na wewe una pasipoti ya Afrika Mashariki peke yake anakuibia, hakuna njia ya pembeni. Lakini kama una uraia wa Kanada au Australia kwa kuzaliwa au kwa kuomba, hii inakuhusu hata kama unaishi nchi nyingine. Umri ni 18 hadi 30, na kwa Australia, Kanada, New Zealand na Korea Kusini mpaka 35. Usiwe na mtoto wa chini ya miaka 18 unayeishi naye au anayekutegemea kwa pesa. Na ukishaitumia hairudiwi.

Pesa ndo inawaangusha wengi. Lazima uwe na angalau £2,530 benki, na zikae siku 28 mfululizo, yani zikishuka chini ya hapo hata siku moja unaanza kuhesabu upya. Siku ya 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Alafu kuna malipo ya huduma ya afya, £776 kwa mwaka, kwa miaka 2 ni £1,552 na unalipa yote kwa mpigo, ada ya visa iko pembeni na hubadilika, iangalie gov.uk siku unayoaplai. Fomu unajaza onlaini, mapema kabisa ni miezi 6 kabla ya kusafiri, jibu kwa kawaida linatoka ndani ya wiki 3. Kama umeishi kwenye nchi iliyo kwenye orodha yao ya kifua kikuu utahitaji cheti cha kipimo cha TB kwanza.

Wakati unasubiri usikae tu. Chukua cheti cha polisi (cha kuonyesha kama una makosa ya jinai) cha kila nchi uliyoishi ukiwa mtu mzima, kwa sababu ukaguzi wa rekodi za jinai wa Uingereza, unaoitwa DBS kwa England, hauoni rekodi za nje na waajiri wengi wa kea watakuuliza. Andika anwani zako zote za miaka 5 iliyopita pamoja na tarehe, kisha tafuta watu wawili wa kuandika wanavyokujua kikazi (referees), mmoja awe bosi wako wa mwisho. Kumuuguza bibi nyumbani nako ni uzoefu, kuandike kwenye CV.

Kwenye kutafuta, majina wanayotumia ni care assistant, support worker na home carer. Usiaplai social worker kama hujasajiliwa, hilo ni jina linalolindwa na sheria. Kila kampuni ukiipata, kama iko England, itafute kwenye tovuti ya CQC, ndo wakaguzi wa huduma za kea, wanatoa alama kuanzia Outstanding (bora kabisa) mpaka Inadequate (mbovu) na ripoti zipo bure, zisome kabla ya intavyu. Scotland utaratibu wao ni tofauti, ukaguzi wa rekodi za jinai unaitwa PVG na kuna usajili wa SSSC, chombo kinachosajili wafanyakazi wa kea.

Kwenye intavyu wanataka kujua utu wako kuliko vyeti. Watakuuliza mfano mzee amekataa kuoga utafanyaje. Humlazimishi, unaongea naye taratibu, unamuuliza angependa saa ngapi, unarudi baadaye, unaandika kwenye rekodi. Ukiona alama za kipigo kwenye mwili wake unamwambia meneja siku hiyohiyo, husubiri uhakika.

Na wewe uliza. Kama ni kazi ya kuzunguka majumbani kwa watu, muda wa kusafiri kutoka mteja mmoja kwenda mwingine unahesabika kwenye kima cha chini cha mshahara, lakini kutoka kwako mpaka kwa mteja wa kwanza hauhesabiki, kwa hiyo waulize wanalipaje na kama lazima uwe na gari. Shifti za kulala kazini ziulize peke yake: mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba masaa unayoruhusiwa kulala hayana kima cha chini, ila ukiamshwa kufanya kazi yanahesabika. Kima chenyewe kwa wa miaka 21 na zaidi kilikuwa £12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025 na huwa kinapanda kila Aprili. Wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, ondoka, sheria inamkataza.

Ukipata ofa, mwajiri anathibitisha haki yako ya kufanya kazi kwa namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 9 (share code) unayoitoa kwenye akaunti yako ya eVisa, yani visa yako ya kidijitali, inadumu siku 90. Namba ya National Insurance (ya kodi na michango ya serikali) unaweza kuiomba ukishafika na kazi unaanza hata kabla haijatoka. DBS ya juu (enhanced), inayotakiwa kwa kazi za kea, huwezi kujiombea mwenyewe, anaiomba mwajiri, na inaweza kuchukua wiki kadhaa kwa hiyo hakikisha una pesa ya kodi ya nyumba ya muda huo. Cheti cha DBS kikitoka jiunge na Update Service, huduma ya kukihuisha onlaini, ndani ya siku 30, ni £16 kwa mwaka, ili ukitaka kuhama, mwajiri mpya wa kazi ya aina hiyohiyo acheki onlaini badala ya kukusubirisha tena.