Jinsi ya kuandaa faili la EB-1A: kuthibitisha uwezo usio wa kawaida

EB-1A ni njia ya kupata grini kadi ya Marekani isiyohitaji mwajiri. Unajiombea mwenyewe kwa fomu I-140, uwe Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kazi yangu ni kuandaa mafaili haya pamoja na mawakili, na inaniuma kuona mtu mwenye sifa za kweli akikataliwa kwa sababu makaratasi yake hayakujieleza. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mbele ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani inayoamua maombi haya, hakijiuzi.

Nitatumia mfano mmoja: mtafiti Mtanzania wa batobato na michirizi kahawia, magonjwa mawili yanayoangamiza mihogo.

Hatua ya 1: Taja fani yako kwa sentensi moja. "Sayansi ya kilimo" ni pana mno. "Udhibiti wa virusi vya mihogo" inatosha. Sheria inataka uwe miongoni mwa wachache waliofika kileleni mwa fani, kwa hiyo fani ndiyo inayoamua utalinganishwa na nani.

Hatua ya 2: Chagua vigezo. Kama huna tuzo kubwa ya kiwango cha Nobel, unahitaji angalau vigezo 3 kati ya 10. Vipo vya wasanii, kama maonyesho ya sanaa na mauzo ya muziki; vipo vya mshahara mkubwa na uanachama wa vyama vinavyochuja watu kwa mafanikio yao. Mtafiti wetu achukue vinne: makala za kitaaluma, kupima kazi za wenzake, mchango mkubwa na mpya ulio wake mwenyewe, na nafasi nyeti katika taasisi yenye sifa. Asilazimishe vingine. Kigezo dhaifu kinamfanya afisa atilie shaka hata vile vyenye nguvu.

Hatua ya 3: Kila kielelezo kiwe na kielelezo cha kukieleza. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi, kwa sababu afisa hajui fani yako wala nchi yako.

Umealikwa kupitia makala za jarida? Mwaliko pekee hautoshi. Weka barua pepe inayoonyesha kwamba kazi uliifanya, pamoja na maelezo ya hadhi ya jarida. Umepata tuzo? Weka kanuni zake, nani waliruhusiwa kushindana na nani waliamua.

Ukitumia habari ya gazeti, lazima ikuhusu wewe na kazi yako, na ionyeshe kichwa, tarehe na mwandishi. Kama ilitoka Mwananchi au Taifa Leo, itafsiriwe yote kwa Kiingereza, si aya inayokusifu tu, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili.

Kigezo cha mchango ndicho kinachoangusha wengi. Kuchapisha makala si mchango mkubwa. Onyesha kilichobadilika baada yake. Je, mbegu uliyoshiriki kuizalisha imeidhinishwa baada ya majaribio ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania? Je, maabara ya Uganda au Malawi inapima virusi kwa njia yako? Wanaokunukuu, weka kurasa ambazo wameitegemea kazi yako, na uzipigie mstari. Idadi ya nukuu ilinganishwe na watafiti wa mihogo, si wa saratani.

Hatua ya 4: Barua za wataalamu. Tafuta waliofanya kazi nawe, na zaidi wale wanaokujua kwa kazi yako tu. Barua inayosema wewe ni mchapakazi na mwadilifu haikusaidii kitu. Iseme ulifanya nini, kikatumika wapi, matokeo yakawa nini. Usiwagawie wote rasimu moja. Sentensi zinazofanana huonekana mara moja.

Hatua ya 5: Jibu swali la pili. Tangu kesi ya Kazarian ya 2010, ambayo mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kuhusu ombi la aina hii, kutimiza vigezo vitatu hakumalizi kazi. Afisa huhesabu vigezo, kisha hupima ushahidi wote kwa pamoja: je, sifa zako zimeendelea kutambulika kitaifa au kimataifa? Weka ushahidi wa miaka ya karibuni.

Hatua ya 6: Eleza utakachofanya Marekani. Lazima uonyeshe utaendelea na fani hiyohiyo na nchi itanufaika. Marekani hailimi mihogo kwa wingi, kwa hiyo mtafiti wetu aeleze jinsi mbinu zake za kugundua virusi zinavyofaa mazao mengine. Barua ya taasisi inayomhitaji husaidia, ila hata mpango wake mwenyewe wenye maelezo ya kina unakubalika.

Hatua ya 7: Wasilisha. Namba kila ukurasa na uweke orodha ya vielelezo. Toleo la fomu na ada viangaliwe kwenye tovuti ya USCIS siku ileile ya kutuma. Ukilipia huduma ya haraka kwa fomu I-907, utasikia kutoka kwao ndani ya siku 15 za kazi, lakini wanaweza kukujibu kwa kudai ushahidi zaidi. Ukidaiwa, unaweza kupewa hadi siku 84: kusanya kila kitu na utume kwa mkupuo mmoja.

Ukikataliwa, unaruhusiwa kuomba upya. I-140 itakuuliza kama kuna ombi lililotangulia. Jibu kweli, na uhakikishe tarehe na vyeo vya faili jipya havipingani na vya lile la kwanza.