Kupiga picha chini ya maji Unguja na Pemba: anza na kaa, ndipo umfuate papa

Wengi wetu tunamjua papa akiwa ng'onda: kakatwa vipande, katiwa chumvi, kaanikwa juani, mwisho wake mchuzi wa nazi. Mimi pia nilimjua hivyo, mpaka siku nilipomkuta mzima chini ya jabali, upande wa magharibi wa Pemba, kalala juu ya mchanga na matamvua yakifunguka na kufunga taratibu. Tangu siku ile natamani watu wa kwetu wamwone kama nilivyomwona mimi.

Vijana wanaokuja na kamera zao huniomba niwapeleke kwa papa moja kwa moja. Siwapeleki. Papa wamevuliwa sana katika maji yetu, na utapishana na kaa, kamba na konokono wengi mno kabla hujamwona mmoja. Siku atakayopita, hutakuwa na nafasi ya kutafuta kitufe. Jifunzie kwa wadogo, ambao wapo kila siku.

Hatua ya 1: Jua maji

Mvuvi yeyote atakwambia hili, nawe mwulize. Bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Mkondo unakuwa mkali na mchanga unapanda. Chagua maji mafu, siku za nusu mwezi. Tena uingie maji yakiwa yanajaa, kwani hapo yanatoka bahari kuu yakiwa safi. Yakianza kutoka hubeba vumbi lote la pwani. Mimi hushuka kama nusu saa kabla hayajajaa kabisa, ili yakisimama niwe tayari nipo chini.

Kusi likivuma, pwani ya mashariki huchafuka, basi nenda upande wa mji, kwenye miamba ya Bawe na Murogo. Maleleji, kati ya kusi na kaskazi, ndiyo siku za kwenda Mnemba au Misali. Kisiwani Chumbe kuna sheria yake: mitungi ya hewa hairuhusiwi kwa wageni, ni snokeli tu, yaani mrija wa kupumulia, na kwa anayeanza hiyo inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Oringi

Kasha la kamera linazuia maji kwa mpira mmoja mwembamba wa duara. Niliwahi kuifuta kamera kwa upande wa kanga, nikafunga kasha na kushuka. Mita 8 tu nikaona tone linateleza ndani ya kioo. Uzi mmoja wa kanga, mfupi kuliko ukucha, ulikuwa umelala juu ya oringi. Kamera haikupona.

Kwa hiyo toa oringi kwa kidole, usitumie kisu. Ipitishe taratibu kati ya vidole viwili. Chembe ya mchanga utaihisi kabla ya kuiona. Paka grisi yake ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu. Futa na mfereji inamokaa. Kisha zamisha kasha tupu, ndani umeweka karatasi ya shashi. Ikirudi kavu, tia kamera.

Hatua ya 3: Elea kwanza

Usipoweza kukaa sentimita chache juu ya mchanga bila kuugusa, iache kamera chomboni. Pezi moja likipiga tumbawe huvunja kilichokua miaka mingi. Na usizame peke yako: anayepiga picha husahau saa na husahau geji ya hewa, kwa hiyo mwenzako ndiye wa kukukumbusha.

Hatua ya 4: Sogea karibu, rudisha rangi

Maji hula rangi, na nyekundu ndiyo ya mwanzo kuliwa. Kwenye mita 5 imeshafifia sana. Ndiyo maana picha zako hutoka za buluu tupu. Dawa ni mbili: sogea karibu, na lete mwanga wako. Kuvuta kwa lenzi hakusaidii, maana maji yaliyopo kati yako na kiumbe ni yale yale. Kama huna flashi, baki kwenye maji mafupi, jua likiwa mgongoni kwako.

Ukiwa na flashi, usiielekeze mbele kama tochi. Itamulika kila chembe iliyopo kati yenu, na picha itajaa vidoa vyeupe. Itanue pembeni, ielekee nje kidogo, ili ukingo tu wa mwanga umfikie kiumbe.

Hatua ya 5: Kaa wa anemoni

Huyu ndiye mwalimu wangu. Tafuta anemoni kubwa yenye samaki wake wa michirizi, uinue pindo lake kwa macho tu, si kwa mkono. Chini yake mara nyingi kuna kaa mweupe mwenye madoa mekundu, upana wake kama sarafu. Mara ya kwanza atakimbilia upande wa pili. Usimzunguke. Tulia, pumua polepole, hesabu mpaka mia.

Atarudi kula, na hapo utaona jambo la ajabu. Mdomoni mwake hutoka vinyoya viwili kama vipepeo, anavirusha kwenye mkondo kimoja baada ya kingine, kama mvuvi anayetupa kimia, kisha anavikunja na kuvilamba. Kwa dakika nzima anarudia mwendo ule ule. Uhesabu mwendo wake, ubonyeze kimia kikiwa kimetanda. Weka f/16 (tundu la lenzi liwe dogo), shata 1/125 ya sekunde, ISO 100 (kamera isihisi mwanga kupita kiasi), na fokasi iwe machoni. Ukiwa na picha kumi za vinyoya vilivyotanda, umeshajua kungoja.

Hatua ya 6: Papa wa miamba

Nilipomwamkia mzee mmoja wa mshipi kule Pemba na kumwuliza papa wanalala wapi, alinijibu: "Marahaba, mwanangu. Tafuta jabali lenye pango na mchanga chini, maji yanapoanza kujaa." Ndiko nilikomkuta yule wangu, papa wa ncha nyeupe. Huyu, tofauti na papa wengi, anaweza kusukuma maji kwenye matamvua akiwa amelala.

Mjie kwa ubavu, chini kabisa, wala usizibe mlango wa pango. Akiondoka usimfuate. Kaa pale pale ulipo, maana mara nyingi huzunguka na kurudi. Akishusha mapezi ya ubavuni na kukunja mgongo, anakwambia umemkera. Rudi nyuma polepole, ukimtazama. Usimwekee chambo. Papa aliyezoea kulishwa hukifuata chombo chochote, na chombo kinachofuata huenda kina ndoano.

Tumbo lake ni jeupe, na flashi kali hulichoma likawa kama karatasi. Punguza flashi hadi robo, fungua tundu la lenzi hadi f/8, upige ukiwa sawa naye au chini yake kidogo, ili mgongo wake wa kijivu uchoreke juu ya buluu.

Hatua ya 7: Papa potwe

Huyu ni yule papa mkubwa wa madoa. Makao yake ni kisiwa cha Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi, lakini huku kwetu pia hupita. Usitumie flashi, usimguse, mwachie angalau mita 3. Piga ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Madoa yake ni kama alama za vidole, na watafiti huyalinganisha kwa programu iliyotokana na ile ya wanaastronomia ya kutambua mipangilio ya nyota. Andika tarehe na mahali, uwapelekee.

Ukirudi ufukweni, tia kasha kwenye ndoo ya maji baridi, yasiyo ya chumvi, likiwa limefungwa, ubonyeze kila kitufe ndani ya maji. Liache saa moja. Hapo ndipo ufungue, na mikono iwe mikavu.