Somo: Kumtembeza Mtoto Jijini Sydney kwa Siku Mbili

Mpwa wangu wa miaka minane alikuja Sydney wakati wa likizo ya Desemba akiwa amefuatana na bibi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, nami kwa furaha ya kupokea wageni nilikuwa nimeandika ratiba ya vivutio kumi na viwili kwa siku mbili. Tuliona vitano. Vile saba vilivyobaki havikumsikitisha mtu yeyote isipokuwa mimi, na tangu hapo nimewatembeza watoto wengine wa ndugu na marafiki kwa ratiba iliyopogolewa, ambayo ndiyo ninayoieleza hapa. Msingi wake ni kwamba Sydney ni mji wa bandari, na mtoto huuelewa upesi akiuona kutoka majini kuliko akiburutwa barabarani kutoka jengo moja hadi jingine.

Hatua ya kwanza: kadi ya mtoto na saa za mwili

Treni, mabasi, tramu na vivuko vya Sydney hulipiwa kwa kadi iitwayo Opal, ambayo huigusisha kwenye mashine unapopanda na kuigusisha tena unaposhuka. Mtu mzima anaweza kutumia kadi yake ya benki bila kujisumbua na Opal. Hapo ndipo wageni wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu wakimgusishia mtoto kadi nyingine ya benki, mashine humtoza nauli ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 15 achukuliwe Opal ya watoto, ambayo rangi yake ni ya kijani na hupatikana katika maduka madogo mengi ya mjini. Kadi yenyewe hailipiwi, unalipia salio tu. Aliye chini ya miaka 4 husafiri bure. Nauli ya siku ina kikomo, na mkishakifikia hamkatwi tena hadi siku iishe. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kikomo hicho hushuka, kwa hiyo ukiweza kuchagua, siku zako mbili ziwe za mwisho wa wiki. Mfundishe mtoto kugusisha kadi yake mwenyewe. Mpwa wangu aliipenda kazi hiyo kiasi kwamba alitukumbusha sisi wakubwa kila tuliposhuka, na ukisahau kugusisha wakati wa kushuka unatozwa nauli ya juu kabisa.

Jambo la pili ni usingizi. Mwezi wa Desemba, Sydney iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nane, maana yake saa mbili asubuhi hapa ni saa sita usiku Dar es Salaam. Mtoto aliyetoka nyumbani juzi hatakuwa na akili ya kutazama chochote saa hiyo, hata akiwa amevaa viatu na kushika begi. Msitoke kabla ya saa nne. Hamtapoteza kitu, kwa kuwa wakati huo wa mwaka jua huzama karibu saa mbili usiku.

Ndani ya begi weka pama la mtoto, losheni ya kukinga jua yenye namba 50, chupa ya maji ya kujaza kwenye bomba lolote la kunywea, na koti jepesi. Ngozi nyeusi nayo huungua kwa jua la hapa. Nilidhani ni maneno ya Wazungu mpaka mabega yangu yalipoanza kubambuka.

Hatua ya pili: kivuko cha Manly

Nendeni Circular Quay, kituo ambacho treni, tramu na vivuko hukutana, mkatafute gati namba 3 la kwenda Manly, kitongoji kilicho ufukoni. Zipo pia boti za kasi za kampuni binafsi zenye nauli zake, lakini kwa mtoto chagueni kile kivuko kikubwa cha kijani na manjano, kinachochukua takriban nusu saa. Pandeni ghorofa ya juu na mkae nje, upande wa kulia, kwa kuwa mara tu chombo kinapong'oa nanga Opera House, lile jumba maarufu la maonyesho, hupita upande huo karibu kabisa, na mkigeuka nyuma mnaliona Daraja la Bandari lote.

Swali la kwanza la mpwa wangu lilikuwa: "Mjomba, magari wanayapakia wapi?" Kivuko anachokijua ni cha Kigamboni, ambamo lori huingia kwanza na abiria hujibana pembeni, naye hakuamini kwamba chombo kikubwa namna hii hubeba watu tu. Kilichomvutia zaidi ni kuwa kivuko hiki hakina mbele wala nyuma. Kina chumba cha nahodha kila upande, na kikifika Manly hakigeuki, bali nahodha huhamia chumba cha pili akarudi nacho vilevile. Mtoto alisimama gatini akingoja kuhakikisha, nasi tukangoja pamoja naye.

Karibu na mwisho wa safari mtapita mbele ya mlango wa bandari, baina ya majabali ya North Head na South Head, na hapo mawimbi ya bahari kuu huingia bila kizuizi. Chombo kilipoanza kuinuka na kushuka, kijana alinishika mkono wa shati kwa vidole vyote kumi, bibi yake akatoa tasbihi, kisha wimbi la tatu lilipopita kijana akacheka na kuuliza kama tutapita hapo tena wakati wa kurudi. Kama mtoto wako huchafukwa na tumbo safarini, kaeni katikati ya chombo, ghorofa ya chini.

Kutoka gati la Manly kuna njia ya waenda kwa miguu iitwayo The Corso, ambayo kwa dakika chache huwafikisha kwenye ufuko wa bahari kuu. Huko kuogelea kuna sharti moja lisilo na mjadala: ingieni majini baina ya bendera za nyekundu na manjano tu, ambapo waokoaji wanawatazama, maana mikondo ya fukwe hizi humvuta hata mtu mzima anayejua kuogelea. Mtoto aliyezoea maji ya uvuguvugu ya Tanga au Bagamoyo atashangaa kuona kwamba bahari ni baridi ilhali jua ni kali. Kwa mdogo zaidi, ufuko ulio kando ya gati, upande wa ndani ya bandari, una maji tulivu na unamtosha kabisa.

Mkinunua chipsi, lieni ndani au mkiwa mmeegemea ukuta. Shakwe mmoja alichomoa chipsi kutoka kwenye vidole vya mpwa wangu kwa ustadi ambao haukumgusa hata kucha, na mwenye chipsi alibaki ameshika hewa.

Safari ya kurudi ni ya hadithi. Nilimsimulia ile ya sarafu za Kilwa: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa akilinda visiwa vya Wessel kaskazini kabisa mwa nchi hii, aliokota sarafu chache mchangani, na miaka mingi baadaye ikabainika kwamba tano kati ya hizo zilikuwa za shaba kutoka usultani wa Kilwa. Namna zilivyofika huko bado inabishaniwa. Mtoto alitoa maelezo yake, kwamba mwenye sarafu alikuwa na mfuko uliotoboka, na sijasikia nadharia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Hatua ya tatu: Opera House, jua linapoteremka

Mtarudi Circular Quay alasiri, na kutoka hapo hadi Opera House ni mwendo mfupi kandokando ya maji. Msiwe na haraka ya kununua tiketi ya ziara ya ndani. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, naona nje ndiko kwenye mambo. Kwa mbali paa linaonekana jeupe kama kanzu ya sikukuu. Mkisogea hadi pale linapoteremka karibu na ngazi, mtaona kwamba limefunikwa vigae vya aina mbili, vyeupe vinavyong'aa na vya rangi ya maziwa visivyong'aa, vimepangwa kwa mistari inayopinda. Viko zaidi ya milioni moja. Mpwa wangu alianza kuhesabu akiweka kiganja juu ya kila kimoja, na alipofika tisini na kitu akaomba juisi.

Historia yake humwingia mtoto ukiieleza kama habari ya fundi na mwenye nyumba. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la michoro mwaka 1957, ujenzi ukaanza mwaka 1959, fedha zikazidi makadirio mara nyingi, akagombana na serikali ya jimbo la New South Wales na kuondoka mwaka 1966. Jengo lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1973, naye Utzon hakurudi kamwe kuliona likiwa limekamilika. Mweleze pia kwamba rasi hii inaitwa Bennelong kwa jina la mtu, mwenyeji wa asili wa nchi hii, aliyejifunza Kiingereza na kuwa mkalimani baada ya Waingereza kutua bandarini hapa mwaka 1788, na kwamba wenye ardhi ya eneo hili ni watu wa Gadigal. Kisha mzunguke upande wa kaskazini mkatazame ngazi za majini, kwani mara nyingine sili hupanda hapo kuota jua.

Hatua ya nne: daraja kwa miguu, kurudi kwa maji

Siku ya pili pandeni Daraja la Bandari kutokea mtaa wa Cumberland, eneo la The Rocks. Njia ya waenda kwa miguu iko upande wa mashariki na hailipiwi. Daraja lina urefu wa mita 1,149, umbali ambao mtoto wa miaka minane huutembea bila kulalamika kwa sababu treni hupita, magari hunguruma, na chini yenu vivuko vinakuwa vidogo kama vya kuchezea. Mwonyeshe ribiti, yaani vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha daraja, ziko karibu milioni sita. Mwambie pia kioja cha siku ya ufunguzi, tarehe 19 Machi 1932, wakati Waziri Mkuu wa jimbo, Jack Lang, alipokuwa akisubiri kukata utepe, na Francis de Groot, mpinzani wake wa kisiasa, akatokea juu ya farasi akaukata kwa upanga kabla yake. Ilibidi utepe ufungwe upya.

Mkiteremka Milsons Point, ng'ambo ya daraja, mtaiona sura kubwa inayocheka ya lango la Luna Park, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1935. Pigeni picha, kisha mpande kivuko cha njia ya F4, ambacho hupita na kuelekea Barangaroo na Pyrmont Bay. Kutoka huko tembeeni hadi kwenye uwanja wa watoto wa Darling Quarter, ambao ni wa bure na una mifereji, malango madogo ya maji na parafujo za kupandisha maji kwa mkono. Tulikusudia kukaa dakika ishirini tukakaa saa mbili na nusu. Nguo ya kubadilisha ni lazima.

Hatua ya tano: kama mvua ikinyesha

Nendeni Australian Museum, makumbusho iliyo mbele ya Hyde Park, iliyoanzishwa mwaka 1827. Kiingilio cha kawaida ni bure, na mifupa ya dinosaria itafanya kazi iliyobaki.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu kuhusu somo hili

*Mwanachama wa Mombasa:* Nataka kuja na mtoto wa marehemu dada yangu. Je, kuna hati za ziada kwa mtoto asiye wa kumzaa?

Pole sana kwa msiba, dada. Kila mtoto anahitaji viza yake mwenyewe, na anaposafiri bila wazazi, ubalozi hutaka ridhaa ya kila mwenye haki ya kuamua mtoto aishi wapi, ambayo hutolewa kwa fomu namba 1229. Baba akiwa hai, atie saini yeye; kama ulezi umepewa wewe kisheria, ambatanisha amri ya mahakama pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cha kifo cha mama yake. Anza mapema, kwa sababu saini ndiyo huchelewesha kuliko fomu.

*Mwanachama wa Muscat:* Chakula cha halali na sala vipi, kaka?

Katikati ya mji migahawa ya halali ipo, hasa ya Kituruki, Kilebanoni na Kimalesia, lakini uliza kabla ya kuagiza. Mkipata jioni moja, pandeni treni hadi Auburn, ambako mabucha na migahawa ya halali imejaa na msikiti wa Gallipoli, uliojengwa kwa mtindo wa Kiosmani, una nafasi ya wanawake. Sisi adhuhuri tuliisali kwenye majani ya bustani, na hakuna aliyetushangaa.

*Mwanachama wa Nairobi:* Nina mtoto wa miaka miwili kwenye kigari. Hatua ya nne itawezekana?

Itawezekana. Daraja lina lifti pande zote mbili, na vivuko vina njia ya kuingizia vigari. Mabaharia watakusaidia bila kuombwa. Kinachokushinda ni ngazi 200 za mnara wa kutazamia ulio darajani, ambao sikuutaja kwa makusudi.

*Mwanachama wa Brisbane, mwenye asili ya Bukavu:* Mama anakuja kutuona na anataka kubeba samaki wakavu na mbegu. Tumkataze?

Mwambieni akiandike kila chakula kwenye kadi ya kuingilia nchini, hata kama ni punje moja. Unapotangaza, kibaya kinachoweza kutokea kwa kawaida ni kunyang'anywa; unapoficha, unatozwa faini nzito. Mama yangu alitangaza ubuyu. Ofisa aliutazama, akaunusa, akamwita mwenzake naye akaunusa, kisha wakauchukua kwa heshima zote, mpwa wangu akiangalia pakiti yake nyekundu ikiingia kwenye pipa.

*Mwanachama wa Arusha:* Hukutaja bustani ya wanyama ya Taronga. Haifai?

Inafaa, ila ni ya siku ya tatu. Mtoto wa Arusha usimpeleke kutazama twiga. Chukueni kivuko kutoka gati namba 2, safari ya dakika kumi na mbili hivi, mwende moja kwa moja kwa wanyama wa hapa: kangaruu, na yule mnyama wa mtoni mwenye mdomo kama wa bata, anayetaga mayai na bado akanyonyesha. Kuhusu koala, yule mnyama wa manyoya akaaye mitini, mwandae mtoto mapema, kwa sababu hulala hadi saa 20 kwa siku, na kuna uwezekano mkubwa kwamba atakachokiona ni mgongo.