Kuzalisha pundamilia wenye jeni bora kwenye gemu la Planet Zoo

Kila mnyama wa Planet Zoo, gemu la kujenga na kuendesha bustani ya wanyama, ana vipimo vinne vya jeni kwa asilimia: ukubwa, maisha marefu, uzazi na kinga ya magonjwa. Wengi hukimbilia ukubwa kwa kuwa ndio unaoonekana. Wewe anza na uzazi na kinga. Jike mkubwa asiyeshika mimba ni hasara tupu.

Kama uko Mbeya au Iringa na unacheza kwa bando la simu, chagua aina ya mchezo ya Challenge, maana haihitaji intaneti. Ile ya Franchise, ambako wachezaji huuziana wanyama, haiendi bila mtandao.

Hatua ya 1: nunua dume mmoja na majike watatu wa pundamilia wa nyanda, kama wale wa Ruaha. Tafuta uzazi na kinga kuanzia 70 kwenda juu, na hakikisha hawana undugu.

Hatua ya 2: fungua taarifa za dume, nenda kwenye ulinganisho wa wenza. Kwa kila jike utaona asilimia ambazo mtoto anaweza kuzipata, kuanzia ya chini hadi ya juu. Tazama ile ya chini. Jozi ya 60 hadi 85 naipendelea kuliko ya 30 hadi 95.

Hatua ya 3: waridhishe. Chakula, maji, nafasi na banda la kujikinga vikipungua, hawazai.

Hatua ya 4 ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Saa ya gemu inakimbia: ukiwa bado unajenga uzio, binti ameshakomaa na kupandwa na baba yake. Watoto wa ndugu hushuka uzazi na kinga, vile vile ulivyovitafuta tangu mwanzo. Kwa hiyo simamisha muda kila unapojenga, na mtoto akikaribia kukomaa mwekee kizuizi cha mimba papo hapo. Usingoje.

Hatua ya 5: baki na mabinti wawili bora. Waliobaki waachie porini upate pointi za uhifadhi. Dume mzee muondoe, lete mgeni asiye na undugu nao, rudia ulinganisho, kisha ndipo uwatoe mabinti kwenye kizuizi. Hifadhi mchezo kabla ya kila badiliko, umeme usije ukakatika katikati.

Angalia pia kwenye Zoopedia, kamusi ya wanyama iliyomo ndani ya gemu, umri ambao pundamilia hukoma kuzaa. Mrithi awe ameshakomaa kabla mama hajaufikia.