Somo: Uchovu na Huzuni Vinapotokana na Upungufu wa Homoni ya Thairoidi

Mtu anapojifunika shuka zito katika joto la Januari la Mtwara, huku wenzake wakitafuta upepo barazani, ndugu hudhani ni malaria. Kipimo kikionyesha hana vimelea na uchovu ukaendelea kwa miezi, maneno hubadilika, na mgonjwa huanza kuitwa mvivu au kudhaniwa kuwa ametupiwa kitu. Somo hili ni la mtu huyo aliyekwisha kupimwa na kuambiwa kwamba tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, haitoi homoni ya kutosha. Ni la ndugu zake pia. Homoni hiyo huongoza kasi ya moyo, joto la mwili, usagaji wa chakula na kazi za ubongo, hivyo inapopungua, kumbukumbu huzubaa, usingizi hauondoi uchovu, na mtu hukosa hamu hata ya mambo aliyoyapenda. Huo ni ugonjwa wa mwili, na kumkaripia mgonjwa hakumwongezei nguvu.

Hatua ya kwanza ni kuyaelewa majibu ya maabara. Kipimo cha TSH hupima homoni inayotoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuihimiza thairoidi; kwa hiyo namba kubwa huashiria upungufu, na namba ndogo mno kwa anayetumia dawa huashiria kwamba dozi imezidi. Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4.0 kuwa kiwango cha kawaida kwa mtu mzima. Omba wingi wa damu upimwe pia, kwa sababu upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana sana na huu, na wanawake wengi wenye tatizo la thairoidi hupata hedhi nzito.

Hatua ya pili ni kumeza dawa ipasavyo, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu dozi sahihi ikimezwa vibaya hufanya kazi nusunusu. Levothairoksini, yaani dawa inayofidia homoni iliyopungua, humezwa kila siku tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au kahawa ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia huizuia isifyonzwe, hivyo viachane nayo kwa saa 4. Joto na unyevunyevu wa pwani yetu nao huiharibu: usiiweke jikoni, dirishani, wala juu ya kabati lililo karibu na bati. Iache katika pakiti yake, mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba, pakavu na pasipo na jua.

Hatua ya tatu ni kusubiri kwa mpango. Inachukua takriban siku 7 kwa nusu ya dawa hiyo kutoka mwilini, na ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 tangu dozi ianze au ibadilishwe. Nguvu huweza kuanza kurejea mapema, ilhali moyo kuchangamka huweza kuchukua miezi. Andika kila jioni, kwa mstari mmoja, ulivyolala, saa uliyokuwa na nguvu na hali ya moyo wako, kisha mpelekee daktari daftari hilo. Usijiongezee dozi ili upone haraka. Ikizidi huleta mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kutetemeka, kukosa usingizi na wasiwasi, na baadaye mifupa kudhoofika.

Hatua ya nne ni kuzigawa kazi. Katika msimu wa korosho, okota asubuhi kabla jua halijawa kali, pumzika kabla hujaishiwa, na wenye nguvu wabebe magunia. Kutembea kidogo kila siku husaidia usingizi na moyo.

Maswali ya wanachama

Mama wa Newala: Sisi hula ugali wa muhogo karibu kila siku. Je, ndio ulionidhuru?

Jibu: Mama, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia madini joto yasiingie katika tezi, na madhara huwa makubwa pale madini joto yanapokuwa haba. Uloweke na kuukausha kikamilifu, na tumia chumvi iliyoongezwa madini joto, kwani ile inayotoka moja kwa moja katika mashamba ya chumvi huenda haina. Hata hivyo, usinunue vidonge vya madini joto bila ushauri. Wengine tezi yao hushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, na madini hayo yakizidi huweza kuwazidishia tatizo.

Dada wa Kilwa: Nifanyeje katika mwezi wa Ramadhani?

Jibu: Unaweza kumeza nusu saa au zaidi kabla ya daku, au wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho. Chagua wakati mmoja, ukiwa umeshauriana na daktari wako kabla ya mfungo.

Kaka wa Lindi mjini: Mke wangu ni mjamzito na anaogopa kuendelea na dawa.

Jibu: Asiache, kaka. Mtoto huitegemea homoni ya mama hasa katika miezi ya mwanzo, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa kwa asilimia 25 hadi 30. Mpeleke kliniki wiki hii, aeleze kuhusu dawa hiyo, na vidonge vya kuongeza damu atakavyopewa avimeze saa 4 mbali nayo.

Dada wa Masasi: TSH yangu imerudi sawa, lakini bado nalia bila sababu.

Jibu: Pole sana, dada. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, huweza kuwepo pamoja na tatizo la thairoidi na kubaki baada ya homoni kukaa sawa, nayo ina tiba yake ya mazungumzo na ya dawa. Ikiwa hali hiyo imezidi wiki 2, mweleze daktari waziwazi kuwa ni huzuni, usiseme uchovu tu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiwa na mtu unayemwamini, naye asikuache peke yako.