Modeli yako ya kwanza: tangi la maji kwenye Excel

Ukitaka kujifunza kuiga mifumo inayobadilika kadiri muda unavyokwenda, anza na kitu unachoweza kukipima nyumbani. Mimi humwanzisha kila mwanafunzi na tangi la maji.

Chukua tangi lenye kuta zilizonyooka, kina mita 1, ujazo lita 1,000. Likiwa limejaa, fungua koki ya chini, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 75, yaani lita 16 kwa dakika. Kabla ya kuendelea, andika pembeni: tangi litakauka baada ya dakika ngapi? Wengi hugawanya 1,000 kwa 16 wakapata 62.5. Hifadhi jibu lako.

Hatua ya 1: kanuni. Maji yanapopungua, msukumo nao hupungua. Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, alionyesha kuwa kasi ya maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha kina. Kwa hiyo yanayotoka kwa dakika ni 16 mara kipeuo cha pili cha kina kwa mita.

Hatua ya 2: jedwali. Weka 1 kwenye E1 (urefu wa kila hatua ya muda, kwa dakika), 16 kwenye E2, na 0 kwenye E3 (maji yanayoingia). A2 andika 0 (dakika), B2 andika 1000 (lita zilizomo). Kisha:

A3: =A2+$E$1
B3: =B2+$E$1*($E$3-$E$2*SQRT(B2/1000))

Buruta chini safu 130. Fomula ya B3 ndiyo modeli yenyewe: kilichopo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka. SQRT ni kipeuo cha pili, na B2/1000 ni kina kwa mita. Alama ya kosa ikitokea, maji yamekwisha. Utaiona baada ya dakika 120 na ushee. Hesabu kamili inatoa 125, mara mbili ya ile 62.5.

Hatua ya 3, ambayo nakusihi usiiruke: badilisha E1 iwe 30. Dakika ya 60 tangi linabaki na lita 174, ilhali jibu sahihi ni 270. Dakika ya 90 linakuwa na lita 26 chini ya sifuri! Kanuni haijabadilika hata kidogo. Ni hatua ya muda iliyo ndefu mno. Kila modeli, punguza hatua ya muda kwa nusu uone kama jibu linahama. Likihama sana, usiliamini.

Hatua ya 4: rudisha E1 kuwa 1, weka 8 kwenye E3, ongeza safu. Maji yatatulia kwenye lita 250. Unaingiza nusu ya mtiririko wa mwanzo, lakini tangi linabaki robo. Anza na B2 ikiwa 0, utafika hapohapo.

Mwisho, jaza tangi la kweli, funga maji yanayoingia, fungua koki na usome kina kila dakika 10. Kipimo cha kwanza kiwe karibu sentimita 85. Pima kuanzia usawa wa koki, si sakafu ya tangi, maana maji yaliyo chini ya koki hayatoki.