Safari ya gari kwenye theluji: andaa gari, kisha jiandae kukwama

Anayejiandaa kwa safari ya theluji kwa kawaida huuliza kama gari litapita. Mimi huanza na swali jingine: likigoma usiku, nyuzi 20 chini ya sifuri, na msaada hauwezi kufika kabla ya asubuhi, waliomo ndani watavukaje usiku huo? Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na swali hilo. Anza wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu huenda tairi zikahitaji kuagizwa na betri kubadilishwa.

Hatua ya 1: Tairi

Pesa iende hapa kwanza. Mpira wa tairi za kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kabla theluji haijaanguka, na tairi ngumu haishiki barabara. Tairi za majira ya baridi zina mpira unaobaki laini. Utazitambua kwa alama ya ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji katikati. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi, maana tairi inaweza kuandikwa hivyo bila kupimwa kwenye theluji.

Funga zote nne. Wapo wanaofunga mbili za mbele tu ili kupunguza gharama. Mbele kukishika na nyuma kukateleza, gari huzunguka kwenye kona, na hilo ni hatari kuliko kukwama. Angalia pia kashata, yaani kina cha mifereji ya tairi. Nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6, lakini kwa theluji mimi naitoa tairi ikifika milimita 4, kwa sababu mifereji ikikosa kina, theluji haina pa kuingia na tairi huelea juu yake.

Presha ya upepo nayo hushuka pamoja na joto, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6. Gari lililojazwa upepo ndani ya gereji yenye nyuzi 20, likilala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, litaamka likiwa limepungukiwa na psi 5 hivi kila tairi. Basi pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, ujaze hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kama utabeba minyororo, ifunge nyumbani kwanza, ukiwa umevaa glavu zilezile utakazosafiri nazo. Hufungwa kwenye magurudumu yanayosukuma gari, mwendo usizidi ule ulioruhusiwa na mtengenezaji (mara nyingi kilomita 50 kwa saa), na huvuliwa mara lami inapoonekana.

Hatua ya 2: Betri

Baridi huibana betri pande mbili: nguvu yake hupungua, na wakati huohuo oili ya injini huwa nzito, hivyo stata hudai umeme mwingi zaidi. Betri iliyochoka inaweza kukuvumilia mwaka mzima na ikafa asubuhi ya kwanza ya baridi kali. Acha gari lipumzike kwa saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Ikisoma 12.4 au chini ya hapo, ichaji, na ikishindwa kukaa na chaji, ibadilishe kabla ya safari. Safisha vichwa vyake kwa brashi ya waya na ukaze vizuri.

Betri iliyoishiwa chaji huweza kuganda barafu. Ukiiona imevimba au imepasuka, usiibusti kamwe (yaani usiiwashe kwa umeme wa gari jingine), maana inaweza kulipuka. Kwa betri isiyoganda, fuata mpangilio huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri.

Hatua ya 3: Vimiminika

Kulanti (kimiminika cha rejeta) nusu na maji nusu huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Usidhani kulanti tupu ni bora zaidi: glikoli iliyomo ndani yake, isipochanganywa na maji, huganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Maji ya waipa yawe yale yasiyoganda, na baada ya kuyajaza yarushe kiooni mara chache ili yafike hadi kwenye mipira inayoyapeleka kiooni.

Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo huwa chembe zinazoziba filta, na gari huzima tangi likiwa limejaa. Vituo vya maeneo ya baridi huuza dizeli ya majira hayo, kwa hiyo usipande milimani na tangi zima la dizeli ya eneo lenye joto zaidi. Gari la umeme litapoteza sehemu ya masafa yake. Lipashe joto likiwa bado kwenye chaja.

Hatua ya 4: Vifaa

Beleshi, glavu, tochi ya kichwani na mablanketi viwe ndani pamoja na abiria. Buti la nyuma linaweza kuganda lisifunguke. Ongeza kikwarua barafu, mchanga mkavu, kamba ya kuvutia, nyaya za kubusti, fulana ya kuakisi, pauabenki, chakula kisichohitaji kupikwa na maji ambayo chupa zake hazijajazwa hadi juu. Nguo za sufu ni bora kuliko pamba, kwani pamba ikilowa hukuibia joto.

Mtoto asifungwe mkanda juu ya koti zito. Livue, kaza mkanda, kisha mfunike kwa koti hilo.

Hatua ya 5: Siku ya kuondoka

Mwachie mtu njia utakayopita na saa ya kufika. Ondoa theluji yote juu ya gari, na paa pia, maana ukifunga breki huporomoka na kufunika kioo cha mbele. Usimwage maji ya moto kwenye kioo, kitapasuka. Njiani, jaza mafuta kabla hayajafika nusu tangi, zima mfumo wa kushikilia mwendo, na punguza kasi kabla ya madaraja, kwani huganda mapema kuliko barabara nyingine.

Hatua ya 6: Ukikwama

Nyoosha usukani, fukua mbele ya tairi, mwaga mchanga, kisha ondoka taratibu kwa gia ya pili. Chimba polepole, usitoke jasho. Ikishindikana, baki ndani ya gari.

Kabla ya kuwasha injini, shuka ufukue theluji kwenye ekzosi. Ikiziba, moshi huingia ndani na kuleta kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Washa kwa dakika 10 hivi kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo, na kagua ekzosi upya kila mara, kwa sababu theluji hurudi. Mtu akianza kuumwa kichwa au kusikia kichefuchefu, zima injini na ufungue milango. Tumia dakika hizo kuchaji simu. Laleni kwa zamu.

Ukisikia mashine ya kuondoa theluji inakaribia, washa taa za hatari, na uvae fulana ya kuakisi kabla ya kufungua mlango. Shukia upande usio wa barabara, kwa sababu dereva wake haoni vizuri ndani ya theluji anayoirusha.